Siku sita Bali na mwanamke aliyeomba ukoko

Nilijuana na Zoky kwa sababu ya ukoko.

Ilikuwa asubuhi yangu ya pili Ubud. Nimekaa barazani kwenye nyumba ya wageni nasubiri chai, mara nasikia mabishano jikoni. Mama mmoja mfupi, mvi zimemjaa, mkoba begani, ameinamia sufuria ya wali huku akimkwangulia mpishi hewa kwa vidole. Mpishi anacheka tu, haelewi. Mama anarudia kwa Kiingereza cha kuokoteza, anatia Kifaransa, anamalizia kwa lugha ambayo sijapata kuisikia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa zamani. Mtu akikwangua hewa vile juu ya sufuria, atakuwa anataka nini kingine?

Nikaingia jikoni, nikaishika sufuria nikamwonyesha mpishi. Ilikuwa ya umeme, ukoko wake mwembamba kama karatasi, lakini mama aliupokea kama mkono wa Idi. Akautia maji, akaomba uchemshwe, ukageuka rangi ya chai nyepesi, akamimina vikombe viwili. Kwetu Wete ukoko tulikuwa tukiugombania, tukautafuna mpaka taya zikauma, ila kuunywa haikupata kunijia akilini. Una ladha ya moshi na ya wali wa jana. Kwao Bukini, au Madagaska kama inavyosemwa siku hizi, ndicho kinywaji cha mlo wa kila siku. Wanakiita ranovola.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka 61, mtu wa nyanda za juu katika nchi ya Wabetsileo. Jina lake hakutaka niliandike humu. Akaniambia nimwite Zoky, yaani dada mkubwa, na mimi nikawa zandry, mdogo wake. Kwa hesabu za Pemba angekuwa mama au Bi Mkubwa, maana kanizidi miaka zaidi ya 25, lakini uzee aliukataa palepale mezani. Alikuwa anatafuta mtu wa kuchangia naye gari. Mimi nilikuwa na orodha ya mahekalu niliyoikusanya kwenye simu kwa miezi minne, nikiwa kazini, saa ambazo nilipaswa kujumlisha hesabu za watu. Yeye hakuwa na orodha. Alitaka kuona mpunga.

Nilifikiri ananitania. Umetoka Bukini, umebadilisha ndege mara mbili, umelipa ushuru wa wageni wa rupia 150,000 ulioanza Februari 2024, kuja kutazama mpunga?

Dereva tulimpata kwa mdomo, kijana mpole mwenye gari la viti saba. Vijana wa kiume huko unawaita bli, yaani kaka, na sisi tukamwita hivyo hadi mwisho. Jina lake sitalitaja, ila ukibahatisha una nafasi nzuri ya kupatia: Wabali wengi huitwa kwa zamu ya kuzaliwa, wa kwanza Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, na wa tano mnarudi kwa Wayan. Zipo namna nyingine za majina hayo, Putu, Kadek, Komang, lakini mzunguko ni uleule. Ukiita "Made!" sokoni, wanageuka wanaume kwa wanawake.

Ndani ya gari hilo, kabla hatujafika popote, ndipo safari yangu ilipoharibika vizuri. Zoky alimwomba Bli ahesabu kwa Kibali (lugha, si ile karatasi ya serikalini). Akafika telu, tatu. Zoky akaruka kwenye kiti: "Telo!" Lima, akajibu dimy. Nenem, akajibu enina. Pitu, akajibu fito. Wakaingia kwenye maneno ya Kiindonesia. Batu ni jiwe, kwao vato. Langit ni mbingu, kwao lanitra. Nusa ni kisiwa, kwao nosy, ndiyo maana upande mmoja wa bahari kuna Nusa Penida na upande wa pili kuna Nosy Be. Bli alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja. Zoky alikuwa ameyajua haya vitabuni tangu skuli: kwamba wahenga wake walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwamba lugha iliyo jirani zaidi na Kimalagasi inasemwa kusini mwa Borneo. Lakini kusoma ni jambo moja, na kumsikia kijana wa watu anahesabu kama bibi yako ni jambo jingine.

Mimi nimekaa nyuma na tatu yangu ya Kibantu. Nikaona nisikubali kirahisi. Ilikuwa Agosti, na kila nyumba imetundika nyekundu na nyeupe kwa ajili ya uhuru wao wa tarehe 17 Agosti 1945. Nikauliza zile zinaitwaje. "Bendera," akasema Bli. Haya! Sabuni? Sabun. Meza? Meja. Wakati? Waktu. Dunia? Dunia. Na salamu yao ya "apa kabar" ina habari yetu ndani yake, nzima nzima. Nikajiona nimesawazisha, mpaka Zoky, mwalimu hana dogo, akaniuliza maneno hayo kwetu yametoka wapi. Nikatafakari. Bendera na meza Wareno, yaliyobaki Waarabu. Yake ya damu, yangu yote yalishuka na mizigo bandarini.

Siku ya kwanza tulikwenda Tampaksiring. Gunung Kawi unaishukia kwa ngazi za mawe zinazokaribia 300, katikati ya mashamba, na magoti ya Zoky yalizilalamikia moja moja. Chini kabisa ni korongo la mto Pakerisan, na kwenye kuta za mwamba wa pande zote mbili wamechonga minara kumi, kila mmoja ndani ya kibweta chake, urefu wa mita saba hivi. Haikujengwa, imechongwa humohumo mwambani. Ni kazi ya karne ya 11, inahusishwa na mfalme Anak Wungsu na jamaa zake. Wenyeji wana maelezo mafupi zaidi: jitu liitwalo Kebo Iwa liliikwangua yote kwa kucha, usiku mmoja.

Nilikuwa napiga picha kama kila mtu. Zoky alisimama mbele ya mnara wa kwanza, akatazama chini, akatazama nyuma ya mwamba, akamgeukia Bli.

"Mifupa iko wapi?"

Bli akasema hakuna mifupa. Ni kumbukumbu tu za watawala, wafu wao huchomwa. Nikaona uso wa Zoky umeshuka. Kwao, kwenye nyanda za juu, kaburi bila mifupa ni nyumba bila watu. Wana desturi iitwayo famadihana: kila baada ya miaka kadhaa, katika miezi ya kipupwe, ukoo hufungua kaburi, huwatoa waliomo, huwafunika sanda mpya za hariri, hucheza nao ngoma, huwaeleza habari za nyumbani, kisha huwarudisha. Agosti hiyohiyo wakwe zake walikuwa wanafanya yao. Yeye alitoa mchango wake akapanda ndege, na nadhani lilimsumbua.

Bli akakaa kwenye jiwe. Akatueleza kuhusu babu yake. Kuchoma maiti, ngaben, ni gharama kubwa, kwa hiyo familia isiyo na uwezo humzika mtu wake kwanza, hata kwa miaka, hadi kijiji kikusanye fedha kifanye ngaben ya pamoja. Siku ikifika makaburi yanafukuliwa, mifupa inasafishwa, ndipo inachomwa. Babu yake alingoja ardhini miaka minne. Bli mwenyewe aliingia shimoni kumtoa.

Hapo Zoky akamshika mkono, na wakaanza kuulizana. Nani anatangulia kuingia? Mnawaita kwa majina? Nani anapika? Walikuwa wanazungumza kama wakwe wanaopanga harusi. Mimi niliyekulia penye kumzika mtu alasiri kama kafa asubuhi, na kaburi likishafukiwa halifukuliwi, nilikaa kando mwili unanisisimka. Sikuwa na la kuchangia. Lakini niliacha kupiga picha.

Maji ya mto ule yanatoka juu kidogo, kwenye hekalu la Tirta Empul, lililoanzishwa mwaka 962 juu ya chemchemi. Ndipo watu wanapojipanga ndani ya birika, wakiinamisha vichwa chini ya milizamu ya mawe ili wajitakase. Langoni pana bango. Sharti uvae kitambaa kiunoni, hilo nilikuwa nimejiandaa, nimefunga leso yangu ya Unguja na hakuna aliyenionyesha kidole. Sharti la pili: mwanamke aliye katika siku zake haingii.

Nilikuwa katika siku zangu.

Nimesoma malalamiko mengi ya wasafiri kuhusu bango hilo, na sitawasemea. Mimi nilishusha pumzi. Kwetu bango kama hilo halipo kwa sababu halihitajiki, kila msichana anajua lini haingii msikitini. Tena tangu Ubud nilikuwa najiuliza nikifika kwenye maji yale nitafanyaje. Kuinamia mlizamu nitakasike kwa ibada ya watu wengine ni jambo nisiloweza kumweleza mama yangu. Kusimama ukingoni na simu, nikiwarekodi watu wakiomba, nako sikukutaka. Siku zangu zikanitolea udhuru. Zoky, mzee wa kanisa lake, alifikiri kidogo, akanikabidhi saa na miwani, akaingia.

Nikakaa kwenye kibanda cha mama mmoja muuza maua nje ya lango. Alikuwa anatengeneza canang, zile sadaka ndogo ambazo ukifika Bali utazikanyaga kabla hujazijua, maana zimewekwa kila mahali, mlangoni, juu ya pikipiki, kwenye kaunta ya benki. Picha haionyeshi namna zinavyotengenezwa. Anachukua jani changa la mnazi, lile la rangi ya siagi ambalo halijafunguka. Analikata kwa kisu, analikunja pembe nne, anabana kila pembe kwa kijiti cha mwanzi chembamba kama sindano, anakivunja kwa ukucha. Halafu maua, na kila rangi ina upande wake: meupe mashariki, mekundu kusini, manjano magharibi, ya buluu au kijani kaskazini. Hatazami mikono yake. Anatazama barabara, anaongea na jirani, mikono inaendelea.

Kisha akafungua mfuko wa nailoni akatoa majani yaliyokatwa nyuzi nyuzi, akayanyunyizia juu, na harufu ikanifikia.

Kwa wasomaji wa bara: kikuba ni kifurushi kidogo cha maua na majani yenye harufu ambacho mwanamke wa pwani hukibandika kifuani au kwenye nywele. Asumini, rehani, mkadi, langilangi. Harufu ya kikuba ni harufu ya harusi, ya shangazi anayekupita ukumbini. Na zile nyuzi za kijani zilikuwa mkadi, au ndugu yake wa tumbo moja. Nikaomba kuona mfuko wa maua. Chini, yamelala yale ya manjano yenye vidole virefu vilivyolegea. Langilangi. Wao wanaliita sandat.

Nililishika lile ua muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mlangilangi nimeuona uani kwa nyanya yangu tangu nina akili, na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi. Asili yake ni huku, visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, hata jina tumelichukua likiwa limeshatengenezwa. Mama akaniuliza kwa mikono kama najua kusuka. Nikajibu najua, kwa sababu utotoni nilisuka ukili. Akanipa jani. Nikatoa kitu chenye pembe tano. Akakitazama, akakigeuza, akakiweka nyuma ya wenziwe asikione mteja.

Zoky alitoka ametota, midomo ya buluu kwa baridi. Alikuwa na taarifa kamili, kama kawaida yake: milizamu miwili walio hai hawaigusi, ni ya kuwahudumia wafu, na Mzungu mmoja karibu aingie chini yake akavutwa shati. Na ndani kabisa kuna birika ambalo chini yake mchanga mweusi unachemka kwa maji yanayopanda. "Halafu yanakwenda wapi?" nikamuuliza. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali lililokuwa tayari ubaoni. Mashambani, bila shaka. Birika, minara ya wafalme na mpunga, vyote vimetundikwa kwenye mto mmoja.

Nisiruke siku ya tatu, ingawa ningependa. Niliwaburuta wote alfajiri hadi hekalu moja la mashariki lenye lango lililopasuka katikati, linaloutazama mlima Agung. Mmeliona kwenye simu zenu: mtu kasimama kati ya minara miwili, na miguuni pake ziwa tulivu linaakisi kila kitu. Nilipewa namba, nikangoja zaidi ya saa tatu. Zoky aliona foleni, akarudi garini. Zamu yangu ilipokaribia ndipo nilipoona ziwa. Ni kioo. Kijana kashikilia kipande cha kioo chini ya kamera ya simu, basi. Hapana tone la maji pale.

Ningeweza kusema niligeuka nikaondoka. Nilisimama, nikainua mikono, nikaruka kama walivyoruka wengine. Picha ninayo na imependwa kuliko chochote nilichowahi kuweka mtandaoni. Zoky hakunisemesha hadi mchana, na alipofungua mdomo alitaka kujua kama niliuona mlima. Sikuwa nimeuona, nilikuwa nimeupa mgongo. Agung uliolipuka mwaka 1963 ukaua zaidi ya watu 1,000, na tope la moto likapita mita chache tu kutoka Besakih, hekalu kuu la kisiwa, likaliacha. Nimekaa mbele ya mlima huo saa tatu nikikagua nguo yangu.

Kwa hiyo siku ya nne nilimwachia Zoky usukani, na alichagua Jatiluwih, wilaya ya Tabanan, chini ya mlima Batukaru. Mpunga umepangwa ngazi kwa ngazi hadi macho yanachoka. UNESCO waliuingiza mfumo wa subak, yaani vyama vya wakulima vya kugawana maji, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012, kwa hiyo kuna lango la tiketi, njia za kutembea, na migahawa imepangwa kuelekea mashamba kama viti vya uwanja wa mpira. Zoky aliipita yote. Alivua ndara, akazipachika mkobani, akapanda tuta la shamba. Nikamfuata, nikatumbukia mara mbili.

Alichokuwa anakitafuta tulikikuta baada ya nusu saa, na ningekuwa peke yangu ningekiruka nikidhani ni gogo lililoanguka. Ni gogo kweli, limelazwa kukingama mfereji, juu yake limekatwa pengo mbili, moja pana, moja nyembamba. Maji yanapita kwenye pengo, yanagawanyika, kila fungu linakwenda njia yake. Zoky akapiga magoti. Akapima pengo pana kwa vidole: vinne. Nyembamba: viwili. "Theluthi mbili, theluthi moja," akasema, na nilivyomtazama nikajua ameshaliona darasa lake lote limekaa pale tuta zima.

Mzee mwenye shamba alikuja kuona wanawake wawili wanafanya nini kwenye maji yake. Bli akatafsiri. Hayo mapengo si ya mtu kujikatia. Subak ni chama cha wote wanaokunywa mfereji mmoja, wana kiongozi anayeitwa pekaseh, wana sheria zao na faini, na kila subak ina hekalu lake ambako zamu za maji na siku za kupanda hupangwa. Fungu lako linafuata shamba lako. Zoky akauliza swali alilolibeba kutoka kwao: na anayeiba usiku? Baba yake mwenyewe, akatuambia, alikuwa akisogeza jiwe la mfereji baada ya watu kulala, na ami yake akilirudisha alfajiri, na ndugu hao hawakusalimiana miaka 11. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Wapo, akasema. Hata hapa wapo.

Kuhusu mahekalu haya ya maji kuna kisa ambacho wataalamu wa kilimo wangeombwa wakisome kila mwaka. Miaka ya 1970 serikali ilileta mbegu za muda mfupi na kuwahimiza wakulima wapande mfululizo bila kungoja kalenda ya hekalu. Mavuno yalipanda, kisha panya na wadudu wakafurika. Sababu ni rahisi ukishaambiwa: mashamba ya eneo zima yakipumzika kwa pamoja, wadudu hukosa chakula wakafa. Kila mtu akipanda anapotaka, wadudu wanahama tu, leo kwako, kesho kwangu. Lakini wote wakipanda siku moja, maji hayatoshi. Kati ya njaa ya wadudu na kiu ya mpunga kuna mahali pa kusimama, na makuhani walikuwa wamesimama hapo kwa karne nyingi. Ilibidi mwanaanthropolojia wa Marekani, Stephen Lansing, na mwenzake James Kremer waingize mito na mashamba kwenye kompyuta ndipo wakubwa wasadiki kwamba ratiba ya hekalu ilikuwa na hesabu ndani yake.

Zoky hakushangazwa na kompyuta. Yeye alikuwa ameng'oa shina moja lililoanguka la mpunga mwekundu, mrefu, akilitembeza vidoleni. Mzee akamwonyesha kisu kidogo cha kuvunia, kinachofichwa kiganjani, unakata suke moja moja. Nyanya yangu alikuwa nacho kama hicho, cha kuvunia bondeni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni cha kukatia kucha.

Siku mbili za mwisho tulipanda kaskazini, Munduk. Baridi, ukungu, barabara ya kona. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa sababu Zoky hutapika kwenye kona, na pale pale, kabla sijaona mti wala mtu, nikajua nipo Pemba.

"Simama," nikamwambia Bli kwa Kiswahili. Alisimama.

Pembeni mwa lami, kwenye maturubai ya buluu, zilikuwa zimeanikwa karafuu. Nyekundu za leo upande huu, hudhurungi za juzi upande ule, na makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yamerundikwa peke yake. Juu yetu mikarafuu mirefu, na ngazi zao ni mwanzi mmoja uliosimamishwa wima, umepitishwa vijiti vya kukanyagia, umefungwa kamba pande zote kama mlingoti. Kuna mtu juu, simwoni, naona kikapu tu kinashuka.

Baba yangu alilea watoto sita kwa karafuu. Nimelala juu ya magunia yake. Nilivyolelewa, karafuu ni yetu, na wengine wanaiga. Historia niliisoma ukubwani na sikuipenda: asili yake ni Maluku, visiwa vya mashariki mwa Indonesia hiihii. Waholanzi waliifungia huko kwa upanga, Mfaransa Pierre Poivre akaipatia njia hadi Morisi mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, ambako Sayyid Said aliitandaza kwa migongo ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, ndipo Pemba ikawa Pemba. Na kichekesho cha mwisho ni kwamba kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, anayetia karafuu kwenye sigara za kretek, hadi alipopanda yake ya kutosha na kuacha kutuhitaji. Mikarafuu mirefu iliyonizunguka ilikuwa, kwa namna fulani, sababu ya baba yangu kurudi na magunia yaleyale nyumbani. Nilitaka kuikasirikia. Ila ilikuwa inanukia kama baba.

Mwenye karafuu alikuwa mama wa rika la Zoky, kilemba cha taulo kichwani. Nikainama nikachukua moja, nikaivunja kwa vidole. Ilijikunja, haikukatika. "Bado," nikamwambia, nikatikisa kichwa. Akainua nyusi. Akachukua ya upande wa pili, akaivunja, ko! Nikakubali hiyo. Akaninyooshea nyingine nibinye kwa ukucha nione mafuta, nami nikamwambia, kupitia kwa Bli, kwamba za kwetu zina mafuta zaidi. Bli alisita kuitafsiri. Akaitafsiri. Mama akasema neno fupi ambalo Bli alikataa katakata kunirudishia. Zoky naye, ambaye hajawahi kupanda mkarafuu, akaingilia kutukumbusha kwamba pwani yao ya mashariki kuna mkoa mzima uitwao Analanjirofo, penye msitu wa karafuu, na za huko ndizo bora.

Tulikuwa bado tunabishana wakati tone la kwanza lilipodondoka kwenye turubai.

Aliyekulia kwenye karafuu hahitaji kuambiwa. Karafuu iliyoiva jua ikinyeshewa imeharibika. "Anueni!" nikapiga kelele, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nina miaka kumi na miwili. "Mvua! Anueni karafuu!" Wanawake wakachomoka kwenye nyumba ya pili, yule wa mtini akateremka nusu kwa kuanguka, Bli akaacha mlango wa gari wazi. Nikashika pembe mbili za turubai, mama mwenye kilemba akashika mbili, tukakunja kuelekea kati, tukaburuta. Zoky aliingia katikati miguu mitupu, akakusanya zilizomwagika kwa viganja vyote viwili, akawa anazitia kwenye sketi yake. Tulifika barazani na la mwisho mvua ikiwa imeshajimwaga hasa.

Tukasimama tunahema. Makonyo yalikuwa yamebaki nje, hakuna aliyeyajali. Zoky aliegemea nguzo, akainua mguu, akachomoa karafuu zilizonasa kati ya vidole, akazirudisha kwenye turubai.

"Telo," akasema.

"Telu," akajibu mama mwenye karafuu, akavua ile taulo kichwani akampa ajifute.